Kijiji, Kata, Mwanzo au Wilaya: Shauri Lako Lianzie Mlango Upi?

Watu wengi wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania wanaopoteza haki zao hawapungukiwi ushahidi. Wanazipoteza kwa kuanzia mlango usiohusika. Mtu ana mashahidi, ana karatasi ya mauziano, ana mipaka inayojulikana na kitongoji kizima, halafu anapeleka shauri mahali pasipo na mamlaka ya kuliamua. Anashinda, anafurahi, anapanda parachichi. Miche inapoanza kuzaa, Mahakama Kuu inafuta mwenendo wote tangu karatasi ya kwanza, si kwa kuwa shamba si lake, bali kwa kuwa waliomwamulia hawakuwa na uwezo huo kisheria. Anaanza upya, na wazee waliokuwa mashahidi wake wameshazikwa.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu wa Rungwe, Mbarali, Mbozi, Makete, Mufindi au Kilolo mwenye mgogoro mkononi sasa hivi, anayejiuliza aende wapi. Msimamo wangu nauweka mbele. Usichague mlango kwa kuwa uko karibu, wala kwa kuwa mtendaji ni mtu wenu, wala kwa ukubwa wa hasira. Tazama kinachogombewa ni nini. Ni ardhi? Ni deni? Ni mali ya marehemu? Ni ndoa? Kila kimoja kina njia yake, na anayezichanganya ndiye anayelipa nauli mara mbili.

Kwa nini milango ni mingi hivi

Kabla ya wageni, kila watu wa huku walikuwa na waamuzi wao. Kwa Wanyakyusa malafyale, yaani chifu, alikaa na mafumu, wakuu wa vijiji. Kwa Wahehe shauri zito lilifika kwa mtwa, mtawala wao. Wajerumani wakajenga boma, na bwana boma akawa mtawala na hakimu kwa pamoja.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwaondolea Wajerumani makoloni yao. Mkataba huohuo, katika kifungu cha 246, uliiamuru Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa, mtwa wa Wahehe, kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Fuvu lilirudi Uhehe mwaka 1954. Nalitaja hapa kwa sababu kila mdai wa huku anaufahamu ukweli huo kwa uchungu wake mwenyewe: hukumu kuandikwa ni jambo moja, kutekelezwa ni jambo jingine.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika waliweka tarehe ambayo mahakimu wetu bado wanaitaja, 22 Julai 1920. Kwa amri ya mfalme wao, sheria za Uingereza zilizotokana na maamuzi ya majaji, kanuni zao za uadilifu, na sheria za jumla za bunge lao zilizokuwa zikitumika kwao siku hiyo, zikawa sheria za hapa pale ambapo nchi haikuwa na sheria yake. Maamuzi ya mahakama zao ya baada ya siku hiyo yanaweza kumshawishi jaji wetu, lakini hayamfungi. Pamoja na hizo zikaja sheria zilizotungwa India, maana ndizo walizokuwa wamezizoea katika makoloni ya upande huu wa bahari. Moja kati yake bado inagawa urithi Tanzania mpaka leo, na tutaikuta kwenye mirathi.

Lakini mwananchi wa kawaida hakupelekwa kwenye mahakama zilizotumia sheria hizo. Chini ya Gavana Donald Cameron, aliyeanza kazi 1925, machifu walipewa mahakama zao za wenyeji, na sheria ya 1929 ikazitenga kabisa na ngazi ya Mahakama Kuu. Nchi ikawa na ngazi mbili zisizokutana, moja ya wenyeji chini ya chifu na mabwana wa utawala, nyingine ya majaji. Uhuru ulipokuja, Bunge lilizivunja zote mbili. Mwaka 1963 lilifuta mamlaka ya machifu, na mwaka huohuo likapitisha sheria ya mahakama za mahakimu iliyounganisha Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu kuwa ngazi moja. Mahakama ya Rufani iliongezwa juu yake 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 na kuondoka na mahakama yake ya rufaa.

Baadaye milango ya pembeni ikafunguliwa tena. Mabaraza ya kata yalikuja kwa sheria ya 1985. Mabaraza ya ardhi ya vijiji yamo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kisha sheria ya 2002 ikaiondoa migogoro ya ardhi kwenye mahakama za kawaida za chini na kuipa njia yake yenyewe. Hii ndiyo tabia ya nchi inayoongozwa na Bunge: baraza linaloketi chini ya mwembe limeundwa na kura za Dodoma, na kura hizohizo zinaweza kulipunguzia nguvu. Na watu wa huku hatuna sababu ya kujiona wageni wa Bunge hilo. Kiti cha Spika kimekaliwa na Adam Sapi Mkwawa wa Iringa, aliyekuwa mtemi wa Wahehe kabla ya kuongoza Bunge kwa vipindi viwili kati ya 1962 na 1994. Kimekaliwa na Anne Makinda wa Njombe, kisha na Tulia Ackson wa Mbeya.

Ardhi: hapa ndipo watu wanapoumia

Tuanzie kijijini. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Uzuri wake hauna mfano mahali pengine, kwa sababu wajumbe wanaujua mto ulipokuwa ukipita kabla haujahama, wanajua nani alipanda milingoti ya mpakani na mwaka gani. Udhaifu wake ni kwamba upande mmoja ukisema sikubali, baraza halina cha kuulazimisha. Tena sheria haikulazimishi kuanzia hapo.

Kata ndipo mambo yalipobadilika, na habari haijawafikia watu wote. Zamani baraza la kata liliweza kuamua shauri la ardhi lenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3 na kutoa amri. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliliondolea uwezo huo. Leo baraza la kata linasuluhisha tu. Halitangazi mshindi, halimwondoi mtu shambani, halitozi fidia. Ukiona karatasi ya baraza la kata ya siku hizi imeandikwa kwamba fulani ameshinda na mwenzake aondoke ndani ya siku kadhaa, jua karatasi hiyo itaanguka siku itakapofikishwa mbele ya jaji.

Hata hivyo kata huwezi kuiruka. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya haliruhusiwi kusikiliza shauri la umiliki au maslahi katika ardhi mpaka baraza la kata lithibitishe kwa maandishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Bunge liliweka na kinga kwa mdai: siku 30 zikipita tangu ufungue shauri kata bila suluhu, unaweza kwenda wilayani hata bila cheti hicho. Kwa hiyo siku ya kwanza unapofika kata, hakikisha malalamiko yako yameandikwa, yamegongwa muhuri na yana tarehe. Tarehe hiyo ndiyo itakayokusemea huko mbele.

Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo katika ofisi ya kata moja upande wa Rungwe. Mvua ilikuwa inapiga bati, wajumbe wakalazimika kuomba kila jambo lirudiwe. Waliogombana ni mtu na baba yake mdogo. Mezani palikuwa na karatasi ya daftari la mistari iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo ikatoboka, maandishi ya wino wa bluu, dole gumba la muuzaji pembeni, na muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji uliokwisha kufifia. Ilisema shamba limepakana upande wa juu na njia ya ng'ombe, upande wa chini na migomba ya babu.

"Baba mdogo, mimi siombi shamba lote," kijana akasema. "Naomba mpaka urudi pale alipouacha babu."

"Mwanangu, babu yako aliniachia mimi kwa mdomo, mama yako akiwepo. Muulize."

Mjumbe mmoja, mama wa makamo, hakubishana na yeyote kati yao. Aliuliza swali moja tu: migomba ya babu iko wapi leo? Wakajibu wote wawili kwa pamoja kwamba iling'olewa. Basi wakakubaliana twende shambani, na huko mashina ya zamani yakaonekana chini ya majani, kwenye mstari ambao wote waliutambua. Shauri liliisha hapohapo. Mtendaji akaandika makubaliano, pande zote zikasaini, mashahidi wakasaini, kila mmoja akachukua nakala.

Hilo wilaya haiwezi kulifanya kwa wepesi huo. Lakini wangekuwa si mtu na baba yake mdogo, ila mtu na mnunuzi kutoka mjini mwenye karatasi tofauti iliyosainiwa na mwenyekiti tofauti, kikao kile kisingezaa kitu. Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu ardhi ni huu. Ugomvi wa mpaka baina ya ndugu au majirani wanaosalimiana, anza kijijini na umalizie kata, na kila suluhu iandikwe. Ugomvi wa nani mwenye shamba, hasa mgeni akiwemo, usitumie mwaka mzima kwenye vikao vya kitongoji. Peleka kata mara moja ili siku 30 zianze kuhesabiwa, kisha nenda wilaya.

Baraza la Wilaya ndilo lenye meno. Linasikiliza mashauri ya kurudishiwa umiliki wa ardhi au nyumba yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu, ambayo kwa huku ina masjala zake Mbeya na Iringa. Kasoro ya Baraza la Wilaya ni umbali na msongamano. Mwenyekiti mmoja anaweza kuhudumia zaidi ya wilaya moja, na kwa mtu wa ndani Makete au Ludewa kila ahirisho ni nauli, chakula na siku ya kazi. Panga fedha za kuhudhuria mara nyingi kabla hujafungua. Na unapoandika maombi, eleza shamba lilipo, ukubwa wake na linapopakana na nani kila upande. Shauri la "shamba langu lililopo kijiji fulani" bila maelezo hayo hurudishwa, na hata ukishinda, dalali wa kutekeleza hukumu hatajua avunje nini na aache nini.

Kuna mitego miwili ambayo nawasihi watu waiangalie kwa makini.

Mtego wa kwanza ni polisi. Mtu akiona shamba lake limelimwa na mwingine, anakimbilia kituoni kufungua kesi ya kuingia kwa jinai, na kesi inaishia Mahakama ya Mwanzo. Mahakama Kuu imeshasema tangu zamani kwamba umiliki ukiwa unabishaniwa na haujaamuliwa, kosa hilo la jinai haliwezi kusimama. Amueni kwanza shamba ni la nani, huko kunakohusika. Anayetumia jinai kama njia ya mkato huishia kuona mshitakiwa ameachiwa huru, na mshitakiwa huyo hurudi kijijini akijitangaza mshindi wa shamba.

Mtego wa pili ni kuishtaki halmashauri ya kijiji au ya wilaya, kwa mfano pale kijiji kinapompa mwekezaji wa paina eneo ambalo ukoo wako umelima miaka yote. Hapo hushtaki jirani tena, unaishtaki serikali. Tangu mabadiliko ya 2020 unatakiwa utoe notisi ya siku 90, umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na ufungue Mahakama Kuu. Baraza la Wilaya si mahali pake. Kwa shauri la namna hii tafuta wakili mapema. Kujitetea mwenyewe Mahakama Kuu dhidi ya mawakili wa serikali ni mlima mrefu.

Na usilale. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Yule anayekwambia "subiri, sisi ni ndugu" mwaka hadi mwaka huenda anahesabu.

Wenye bahati ni wale waliokwisha kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Mbozi ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kabisa kuijaribu, na vijiji vingi vya Iringa vimepimwa baadaye. Hati haizuii mtu kukushtaki, lakini anayepinga ndiye anayebaki na mzigo wa kuieleza.

Deni: Mahakama ya Mwanzo, na mapema

Mkulima wa Uporoto amemkopesha mfanyabiashara viazi vya shilingi milioni 4, lumbesa zimepanda fuso, simu haipokelewi. Huyu ana njia nyepesi kuliko mtu wa ardhi, lakini wengi hawaitumii.

Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya deni litokanalo na mkataba lisilozidi shilingi milioni 30. Lugha yake ni Kiswahili, na imekuwa hivyo tangu mwanzo. Mahakama za juu ndizo zilizokuwa zikiandika kwa Kiingereza, mpaka Bunge lilipobadili sheria 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hakimu wa Mwanzo amezoea watu wasio na wakili, kwa sababu kwa miaka mingi mawakili walizuiwa kabisa kusimama hapo. Hadai maandishi ya kitaalamu. Anataka kujua mlikubaliana nini, nani alikuwepo, ulipeleka mzigo lini, umelipwa kiasi gani.

Deni likizidi kiwango hicho, ni Mahakama ya Wilaya, ambako mwenendo ni mgumu zaidi na hati ya madai lazima iandaliwe ipasavyo. Kwa maoni yangu, ukiwa na deni la milioni 31 au 32, fikiria kwa uzito kusamehe kinachozidi na kudai 30 Mwanzo. Utakachoachia mara nyingi ni kidogo kuliko utakachotumia kwenye ngazi ya juu.

Kuhusu kumkamatisha mdaiwa polisi: inafanya kazi kwa siku moja, anapolipa sehemu kwa hofu ili atoke. Baada ya hapo huna hukumu, huna amri, na salio limebaki mdomoni mwake. Kazi ya polisi ni makosa ya jinai. Kama alikudanganya tangu mwanzo akiwa hana nia ya kulipa, hilo linaweza kuwa jinai na uliripoti. Kama alishindwa biashara, ni dai, na dai lina mahakama yake. Mtendaji wa kata naye anaweza kuwakalisha mkaandikiana ratiba ya malipo, na karatasi hiyo ikisainiwa inakuwa ushahidi mzuri sana mbele ya hakimu. Lakini yeye si hakimu.

Tunza meseji za simu na miamala ya kutuma fedha. Wadai wengi wa huku wanategemea shahidi mmoja, dereva wa fuso, ambaye siku ya kesi yuko Tunduma.

Mirathi: mlango unaamua nani atapata nini

Kwenye ardhi na deni, kukosea mlango kunakupotezea muda. Kwenye mirathi kunaweza kubadili kabisa mgawo, kwa sababu kila mlango unafungua sheria tofauti ya urithi. Hapa naomba wajane na mabinti wasome polepole.

Tanzania ina sheria tatu za urithi kwa mtu aliyekufa bila wosia. Ya kwanza ni mila. Sheria za mila za makabila ya upande wa baba ziliandikwa na kutangazwa na serikali 1963, na humo mabinti wamewekwa daraja la tatu, la mwisho, baada ya mtoto mkubwa wa kiume na wanaume wengine. Mjane mwenye watoto sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake. Ya pili ni sheria ya Kiislamu: mjane wa mume aliyeacha watoto anapata moja ya nane, na binti anapata nusu ya fungu la kaka yake. Ya tatu ndiyo ile niliyoahidi kuirudia, sheria ya urithi iliyotungwa India mwaka 1865. Kwa sheria hiyo mjane mwenye watoto anapata theluthi moja, na theluthi mbili zinagawiwa watoto wote sawasawa, wa kike na wa kiume. Inashangaza, lakini ndivyo ilivyo. Binti wa Tukuyu anaweza kulindwa zaidi na sheria ya Wahindi wa enzi ya Malkia Victoria kuliko na mila za nyumbani kwao zilizoandikwa miaka miwili baada ya uhuru.

Sasa tazama milango. Mahakama ya Mwanzo ina uwezo juu ya mirathi inayofuata mila au Uislamu, hata mali iwe kubwa kiasi gani. Mirathi inayofuata sheria ya 1865 inaenda Mahakama ya Wilaya ikiwa ni midogo, au Mahakama Kuu. Kwa hiyo ukoo unapoketi baada ya msiba, ukaandika muhtasari na kumtuma baba mkubwa aende Mahakama ya Mwanzo, umeshachagua sheria ya kugawa, hata kama hakuna aliyeitaja kikaoni.

Ni sheria ipi inamhusu marehemu? Mahakama inatazama namna alivyoishi. Wamoraviani wako Rungwe tangu 1891, na makanisa yamejaa kuanzia Kyela hadi Iringa, lakini ubatizo peke yake hautoshi kumtoa mtu kwenye mila. Hakimu atauliza alifunga ndoa ya namna gani, aliishi kijijini akifuata taratibu za ukoo au aliishi mjini mbali nazo, alisema nini kuhusu mali yake alipokuwa hai, alizikwa vipi. Mwenye vitu hivyo mkononi, cheti cha ndoa ya kanisani, barua, ushuhuda wa mchungaji, ana la kusema.

Chaguo langu hapa haliko katikati. Familia iliyoelewana, marehemu aliyeishi kimila, mali ya kawaida: Mahakama ya Mwanzo ni karibu, nafuu na ya haraka. Familia ya Kiislamu: Mahakama ya Mwanzo pia, na semeni wazi siku ya kwanza kwamba mirathi ni ya Kiislamu. Lakini mjane wa ndoa ya kanisani mwenye mabinti, anayeona shemeji zake wana haraka isiyo ya kawaida, asisaini muhtasari wa kikao cha ukoo kabla hajamuuliza mwanasheria kuhusu Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Akikuta shauri limeshafunguliwa Mwanzo, ana haki ya kuweka pingamizi palepale.

Mila zenyewe hazijabaki jiwe. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba kwa mabadiliko ya 1984, na mwaka 1990 Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza, chini ya Jaji James Mwalusanya, iliamua kwamba kanuni ya mila iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi ni ubaguzi unaokiuka Katiba. Uamuzi ule ulihusu mwanamke wa Kagera, lakini wakili anaweza kuutaja Njombe au Mbarali pia.

Na jambo moja kuhusu msimamizi wa mirathi, awe ni mtoto wa kwanza au baba mkubwa. Yeye si mrithi kwa sababu ya usimamizi. Amekabidhiwa mali ili aikusanye, alipe madeni, agawe. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne. Miezi hiyo ikipita kimya, mrithi yeyote anaweza kwenda kwa hakimu na kuomba aitwe ajieleze.

Ndoa, kwa ufupi

Kwa ndoa milango iko wazi zaidi: Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na Mahakama Kuu zote zinaweza kusikiliza ombi la talaka. Kinachotangulia, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria, ni baraza la usuluhishi la ndoa, la kata au la dini, ambalo likishindwa linatoa cheti. Bila cheti hicho ombi lako linaweza kutupwa, na hiki ndicho chanzo cha talaka nyingi kufutwa kwenye rufaa. Ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili inahitaji kwanza kibali cha mahakama. Kwa mama aliyefanya kazi za nyumbani miaka yote, ajue kwamba tangu 1983 Mahakama ya Rufani inatambua kazi hizo kuwa ni mchango katika mali ya ndoa. Anza Mahakama ya Mwanzo, isipokuwa kama mali zenyewe ni nyingi na zina utata.

Ukishindwa

Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya una siku 30, na kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 nyingine. Kutoka Baraza la Ardhi la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo likitaka kufika Mahakama ya Rufani, lazima Mahakama Kuu ithibitishe kwamba lina hoja ya kisheria. Kubishia tu mashahidi hakutoshi. Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na mahakimu wazuri wanaizingatia. Lakini siku za rufaa si jambo la kulitegemezea ibara hiyo. Majaji wamewafungia mlango watu wengi waliochelewa kwa wiki moja.

Asiye na uwezo wa wakili aulize ofisi ya halmashauri walipo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya 2017. Hawatasimama mahakamani kwa niaba yako kama wakili, ila watakuandalia hati na kukuelekeza.

Na hukumu ya baraza la wilaya ikisomwa tu, siku ileile andika barua ya kuomba nakala, ipeleke masjala, na ubaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Siku zilizotumika kukuandalia nakala huondolewa kwenye hesabu ya ukomo, mradi uweze kuonyesha uliomba lini na ulipewa lini.